Pawasoo Kuukuu au Mpya? Anayekata Miti Aangalie Breki Kwanza, Bei Baadaye

Msimu wa mvua unapokaribia, mtu mwenye pawasoo hana siku ya kupumzika. Shule inataka mkaratusi ulioegemea bweni ukatwe kabla ya muhula kufunguliwa. Mwenye nyumba ana mgrevilea uliokauka juu ya paa lake la mabati. Mjini, mijakaranda ya kando ya barabara, iliyopandwa kabla ya wengi wa wapita njia kuzaliwa, inaanza kudondosha matawi. Kazi hii imekuwa riziki ya vikundi vingi vya vijana, na swali linalowagawanya wanachama siku ya kuamua matumizi ya akiba ni moja: wanunue mashine kuukuu yenye jina kubwa, au mpya kutoka dukani?

Pawasoo ndilo jina lililozoeleka. Vitabuni huitwa msumeno wa mnyororo, na katika taarifa za habari mara nyingi huitwa msumeno wa umeme, ingawa nyingi kati ya mashine hizo hazijui umeme. Zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili.

Walio upande wa mashine kuukuu husema ya kale hayanuki. Chuma chake ni kizito, kabureta yake hurekebishwa kwa bisibisi, na fundi wa sokoni anaifahamu. Walio upande wa mpya hutaja wepesi, matumizi madogo ya mafuta na usalama. Pande zote mbili zina ukweli. Hata hivyo, mjadala huo kwa kawaida huruka swali la kwanza linalopaswa kuulizwa kuhusu mashine yoyote ya kukata miti: ikimrukia mkataji, kuna kitu cha kuisimamisha cheni?

Mashine inaporuka

Baa ni ile bapa ndefu ya chuma inayobeba cheni. Sehemu ya hatari kuliko zote ni robo ya juu ya ncha yake. Ikigusa tawi au gogo wakati cheni inazunguka, meno hunasa badala ya kukata, na nguvu yote ya injini hugeuka na kuirusha baa juu na nyuma, kuelekea uso, shingo na bega la mkataji. Cheni ya mashine ya kitaalamu huenda kwa kasi inayozidi mita 20 kwa sekunde. Tukio lote humalizika kabla mtu hajapepesa jicho, na ndiyo sababu kumwambia mkataji "kuwa makini" hakutoshi. Hakuna binadamu aliye makini kwa kasi hiyo.

Ngao ya plastiki iliyo mbele ya mkono wa kushoto haikuwekwa kwa urembo. Ikisukumwa na mkono huo, au ikisukumwa na mtikisiko wa mashine yenyewe inaporuka, hukaza mkanda wa chuma kwenye ngoma ya klachi na cheni husimama papo hapo. Hiyo ndiyo breki ya cheni. Watengenezaji wakubwa wa Ulaya, wakiwemo Husqvarna wa Sweden na Stihl wa Ujerumani, walianza kuiweka kwenye mashine zao katika miaka ya 1970. Andreas Stihl alikuwa ametengeneza msumeno wake wa kwanza, wa umeme na wa kubebwa na watu wawili, mwaka 1926, na wa petroli mwaka 1929. Kwa miongo minne na zaidi, basi, watu walikata misitu wakiwa na mashine ambazo zikishawaka hazikuwa na namna ya kusimamisha cheni ghafla.

Hapo ndipo mpaka kati ya "zamani" na "kisasa" unapofaa kuchorwa. Mashine ya miaka 20 iliyo na breki inayofanya kazi bado ni zana ya kufanyia kazi. Mashine isiyo na breki, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa na hata ikiwa inawaka kwa mvuto mmoja, haifai kupelekwa kwenye mti uliosimama.

Sifa za 070

Mashine kuukuu inayotajwa zaidi katika mazungumzo haya ni Stihl 070, muundo wa miaka ya 1960 ambao nakala zake bado zinatengenezwa Asia na kuuzwa hadi leo. (Majina ya kampuni yanatajwa hapa kwa mfano tu, kaunti haimpigii debe muuzaji yeyote.) Injini yake ina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 106, nguvu yake ni karibu kilowati 4.8, na uzito wake unapita kilo 10 kabla haijafungwa baa na cheni. Katika muundo wake wa kawaida haina breki ya cheni.

Sifa ya mashine hii imetokana na kupasua mbao. Gogo limelala chini, limepigwa mstari kwa uzi uliopakwa oili chafu, na mpasuaji anaifuata alama hiyo kwa muda mrefu bila kuinua mashine. Kazi ya namna hiyo inataka injini yenye msukumo mkubwa isiyozimika ovyo, na 070 inaifanya vizuri. Uzito wake hata humsaidia mpasuaji, kwa kuwa mashine hujikandamiza yenyewe juu ya gogo.

Kukata mti uliosimama ni kazi nyingine kabisa. Mkataji hutembea, huinama, hukata pembe ya kuelekeza mti upande mmoja, huzunguka kukata upande wa pili, kisha hurudi nyuma haraka mti unapoanza kwenda. Baadaye hupita juu ya shina akiondoa matawi mamoja mamoja, na hapo ncha ya baa hukutana na vitu asivyoviona. Kilo 10 mikononi, baada ya saa tatu za kazi, huwa ndizo zinazofanya kosa. Mwaka 2019 Stihl ilianza kuuza muundo wa MS 500i, wenye injini ya sentimita za ujazo 79.2, nguvu ya kilowati 5 na uzito wa kilo 6.2. Nguvu ni ileile au inazidi kidogo, na kilo nne zimeondoka. Anayesema mashine za siku hizi ni "plastiki tupu" angefaa kuishika moja kwanza.

Tofauti nyingine haionekani kwa macho. Katika mashine za kisasa vishikio vimetenganishwa na injini kwa springi au mipira, ili mtetemo usiifikie mikono moja kwa moja. Anayetumia mashine isiyo na kinga hiyo mwaka baada ya mwaka huanza kuona vidole vikipoteza rangi na kuwa vyeupe asubuhi za baridi, kisha ganzi, kisha kushindwa kufunga kifungo cha shati. Mishipa na neva za vidole zikishaharibika hivyo, mara nyingi hazirudi zilivyokuwa. Wakataji wengi hudhani ni baridi yabisi au uzee.

Kuhusu kelele, mashine mpya na kuukuu hazina la kuchekana. Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini, za mwaka 2005, haziruhusu mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8 za siku. Pawasoo ya petroli hupita desibeli 100 sikioni mwa anayeitumia. Kinga ya masikio inahitajika kwa zote.

Nyahururu hadi Malindi

Kuna jambo moja ambalo watu wa nchi yenye milima na pwani wanapaswa kulifahamu kuliko wengine. Injini huhitaji hewa na petroli kwa kipimo kinacholingana, na hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda. Kwa kila mita 300 hivi za mwinuko, injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mashine iliyopimwa nguvu usawa wa bahari ikifika huko imeshapoteza zaidi ya asilimia 20. Mnunuzi wa nyanda za juu anayesoma nguvu za injini kwenye boksi akumbuke makato hayo.

Kupoteza nguvu ni hasara ndogo. Kubwa iko kwenye kabureta. Mashine ya zamani ina skrubu mbili, zenye alama H na L, ambazo fundi huzitumia kupima petroli inayoingia, moja kwa kasi kubwa na nyingine kwa kasi ndogo. Fundi wa Nyahururu akiipima vizuri, mashine huimba. Mwenyewe akipata kandarasi ya kukata miti Malindi, akaipakia kwenye basi na kuiwasha huko bila kugusa skrubu hizo, hewa ya pwani ni nzito zaidi na petroli inayoingia ni ileile kidogo. Oili inayolainisha pistoni husafiri ndani ya petroli hiyohiyo, kwa hiyo pistoni hukosa vyote viwili kwa pamoja. Hupata joto kupita kiasi, huikwaruza silinda, na kazi ya siku ya kwanza huishia kwa mashine iliyokwama. Mwenye mashine hulaumu petroli ya Malindi.

Hapa mashine mpya zimepiga hatua ya kweli. Mfumo unaoitwa M-Tronic kwa Stihl na AutoTune kwa Husqvarna hupima mwenendo wa injini na kurekebisha mafuta wenyewe, wakati kazi inaendelea. MS 500i haina kabureta kabisa. Upulizaji wa mafuta huongozwa na kompyuta ndogo. Kikundi kinachochukua kazi katika kaunti za milimani na za pwani kina sababu nzuri ya kulipia teknolojia hiyo. Kikundi ambacho kazi zake zote ziko ndani ya lokesheni mbili za mwinuko mmoja hakina haraka. Skrubu zikishapimwa na fundi anayejua, zitakaa hivyo, mradi kichujio cha hewa kisafishwe.

Kompyuta hiyo nayo ina bei yake. Ikileta hitilafu, fundi wa sokoni hana la kufanya kwa bisibisi. Huhitajika kifaa cha kuisoma, na kifaa hicho kiko kwa wakala wa kampuni, ambaye huenda yuko umbali wa nusu siku kwa matatu. Swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa ni fupi: ikikwama, inatengenezwa wapi, na spea zake ziko dukani leo au zinaagizwa? Muuzaji akianza kuzungumza kuhusu waranti badala ya kujibu, hilo nalo ni jibu.

Kati ya ncha hizo mbili kuna mashine ambazo hazizungumzwi sana kwa sababu hazina sifa za ajabu. Ni za kitaalamu, za ujazo wa sentimita 70 hivi, zenye kabureta ya kawaida ya skrubu, breki ya cheni, kinga ya mtetemo na uzito usiozidi sana kilo 6. Stihl MS 382 na Husqvarna 365 na 372 ziko katika kundi hilo. Muundo wake ni wa zamani kidogo, spea zake zinapatikana kwa urahisi zaidi, na fundi wa kawaida anaweza kuzifungua na kuzifunga. Kwa kikundi kinachoanza kazi ya miti katika mji mdogo, kundi hili ndilo lenye hesabu nzuri zaidi, iwe ni kununua mpya au iliyotumika ikatunzwa.

Hesabu ya mafuta

Injini ya zamani ya mipigo miwili ina ubadhirifu wa kimaumbile. Petroli mpya inapoingia kwenye silinda ili kuusukuma nje moshi wa mlipuko uliopita, sehemu yake hutoka pamoja na moshi huo bila kuchomwa. Injini mpya hutanguliza tabaka la hewa tupu, kwa hiyo kinachopotea nje ni hewa. Watengenezaji husema mfumo huo hupunguza matumizi ya mafuta kwa hadi asilimia 20. Kikundi kinachochoma lita 5 kwa siku kingeokoa, kwa kiwango hicho cha juu kabisa, lita moja kila siku. Kikifanya kazi siku 20 kwa mwezi, ni lita 20. Kila kikundi kinaweza kuzidisha kwa bei ya petroli ya mji wake na kuona ni baada ya miezi mingapi tofauti ya bei ya mashine italipwa. Anayewasha mashine mara mbili kwa mwezi asijidanganye kwamba ananunua mpya ili kuokoa mafuta.

Kuchanganya mafuta ndiko kunakoua mashine nyingi, za zamani na mpya, na mara nyingi chanzo ni bodaboda. Pikipiki nyingi zilizo barabarani leo zina injini ya mipigo minne, ambayo oili yake hukaa chini ya injini. Pawasoo ni ya mipigo miwili, na oili yake ni ile inayochanganywa kwenye petroli. Oili ya bodaboda ikitiwa humo huacha masizi na kugandisha pete za pistoni. Kwa mashine za Stihl, kipimo cha mtengenezaji ni 1:50 kwa oili yake, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli, na 1:25 kwa oili nyingine ya kawaida ya mipigo miwili ya injini zinazopozwa kwa hewa, yaani mililita 200 kwa lita hizo 5. Oili ya injini za boti haifai. Mchanganyiko ufanywe kwenye mtungi safi wenye alama za vipimo, utikiswe, na usikae miezi.

Mpya ambayo si mpya

Mnunuzi anaweza kukwepa mashine kuukuu na bado akanunua hasara. Sokoni kuna mashine zinazofanana na zile za majina makubwa kwa rangi, umbo na hata nembo, ambazo hazikutoka kwa kampuni hizo. Nyingine ni mashine halali za bei nafuu zenye jina lao wenyewe, na hizo hazina ubaya kwa kupunguza ua au kukata kuni za nyumbani. Tatizo ni zinazoazima jina la mwingine. Ngao ya mkono inaweza kuwepo na isiwe imeunganishwa na breki yoyote ndani. Imewekwa ili picha ikamilike.

Dalili zake si ngumu kuona. Jina lina herufi iliyokosewa au nembo imebandikwa badala ya kuchongwa. Namba ya mashine haipo, au kuna mashine mbili dukani zenye namba moja. Kitabu cha maelekezo hakipo. Bei ni robo ya ile ya wakala. Bidhaa ya kutoka nje inapaswa kuwa na stika ya KEBS, na anayeshuku kwamba ameuziwa bidhaa bandia anaweza kupiga ripoti kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Risiti ndiyo itakayomsaidia. Bila risiti, malalamiko yake yatakuwa maneno tu.

Kuikagua iliyotumika

Anayeamua kununua iliyotumika aende mchana, aende na mtu anayezijua, na aikute mashine ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla ya mgeni kufika huenda anaficha injini inayokataa kuwaka asubuhi.

Kwanza breki. Mashine ikiwa imezimwa, ngao isukumwe mbele; inapaswa kufunga kwa mlio mkali, na cheni isivutike kwa mkono uliovaa glavu. Ngao irudishwe, mashine iwashwe ikiwa imekandamizwa chini, iongezwe moto kwa sekunde moja, kisha ngao isukumwe kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia kishikio. Cheni isimame mara moja. Ikizunguka hata kidogo kabla ya kusimama, mkanda umeisha. Liko pia jaribio la breki kujifunga yenyewe: mashine imezimwa, breki imefunguliwa, inashikiliwa juu ya kisiki, kisha kishikio cha mbele kinaachiliwa ili ncha ya baa ianguke juu ya kisiki hicho. Ngao inapaswa kwenda mbele bila kuguswa. Mashine zenye breki ya kusukumwa kwa mkono pekee hazitafanya hivyo, na mnunuzi ajue anachokinunua.

Pili, injini. Mashine iinuliwe kwa kishikio cha kamba ya kuwashia tu. Ikiteremka polepole kwa hatua, mgandamizo wa silinda bado upo. Ikishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, pistoni imechoka. Mwenye ujuzi afungue eksozi, zile skrubu mbili au tatu, na kumulika ndani kwa tochi ya simu. Pistoni iliyo hai inang'aa na ni laini. Yenye mistari ya wima imewahi kukwama, na bei yake inapaswa kuwa bei ya spea. Muuzaji anayekataa eksozi ifunguliwe amemwokolea mnunuzi muda.

Injini ikinguruma taratibu bila kuongezwa moto, cheni isizunguke. Kitufe cha juu cha kishikio cha nyuma, kile kinachozuia moto kuongezwa kwa bahati mbaya, kiwepo na kifanye kazi. Wengi huking'oa kwa sababu kinawachosha kidole. Kijino cha chini kinachodaka cheni inapokatika kiwepo pia. Springi au mipira ya vishikio isiwe imepasuka: mashine ikishikwa na kutikiswa, isilegee kama mlango uliong'oka bawaba. Meno ya gia inayozungusha cheni yasiwe yamechimbika sana. Cheni yenyewe na baa ni vitu vya kununua tena, visimzuie mtu, ila bei ipunguzwe kwa ajili yavyo.

Mwisho, jina la muuzaji, nambari yake ya kitambulisho na namba ya mashine viandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi. Pawasoo ni mali inayoibwa kwa urahisi, na anayekutwa nayo ndiye huulizwa kwanza.

Kazi ya juu ya mti na kazi ya mjini

Mashine ndogo zenye kishikio cha juu zimetengenezwa kwa wapanda miti waliofungwa kamba mbili na kufunzwa. Stihl MS 201 T, kwa mfano, ina uzito wa kilo 3.7. Huko Ulaya na Marekani, muundo huu ulipochukua nafasi ya MS 200 T, wapanda miti wengi walilalamika kwamba ule wa zamani ulikuwa mwepesi zaidi kuitikia, na waliokuwa nayo waling'ang'ania kuitunza hadi mfumo wa M-Tronic ulipoingia. Ni mfano mzuri kwamba kipya si lazima kizidi cha zamani siku ya kwanza. Onyo la kwetu ni jingine: wepesi wake huwavutia watu kuishika kwa mkono mmoja wakiwa chini au juu ya ngazi, na hapo breki iko mbali na mkono unaopaswa kuisukuma.

Za betri zimeanza kuonekana. Cheni husimama kidole kinapoachia, hazina moshi, na zinafaa hospitalini au karibu na madarasa watoto wakiwa ndani. Bei ya betri ya pili na ya tatu ihesabiwe tangu mwanzo, kwa maana moja haitoshi siku nzima.

Chochote kitakachonunuliwa, bajeti ya kikundi isiishie kwenye injini. Helmeti yenye wavu wa uso na kinga ya masikio, buti zenye ncha ya chuma, glavu, na suruali yenye nyuzi zinazoikaba cheni ikigusa paja: hivyo ni sehemu ya bei ya mashine. Kikundi chenye fedha za mashine mpya ya kifahari bila suruali hiyo kingefaa kununua ya daraja la kati pamoja na vifaa vya watu wawili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi kinga, na mwenye pawasoo anayemlipa kijana kwa siku ni mwajiri, hata kama hajioni hivyo.

Kabla ya kuwasha

Kuingia na pawasoo katika msitu wa umma bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Kwa miti ya shambani, mwenye shamba aulize kwanza katika ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo au kwa afisa wa Huduma ya Misitu ya Kenya, hasa ikiwa mbao zitasafirishwa. Miti ya kando ya barabara na ya maeneo ya umma mjini haikatwi kwa makubaliano na mwenye duka lililo mbele yake.

Mti ambao matawi yake yako karibu na nyaya za stima usiguswe na mtu yeyote, wa mashine mpya au kuukuu, mpaka Kenya Power wafike na kuzima laini. Nambari yao ni 97771. Mwenye kazi akisema wanachelewa, mkataji asubiri naye.